Kabla Hujachomoa Upanga

Mchawi wangu aliwahi kuwaua wenzake watatu kwa neno moja. Tulikuwa ndani ya magofu, kwenye ujia wa mawe wenye upana wa futi kumi na kimo cha futi kumi, na kundi la orki lilikuwa linatujia mbio kutoka upande wa giza. Nilikuwa mgeni kwenye meza ile ya mchezo. Nikapiga hesabu haraka: tufe la moto linaenea futi 20 kila upande kutoka katikati yake, kwa hiyo nikilirusha futi 60 mbele, makali yake yataishia futi 40 kutoka tulipo. Msimulizi akaniuliza, "Una hakika?" Nikamwambia ndiyo. Akachukua kalamu, akazidisha, akaniangalia kwa huruma, kisha akaanza kutupa dadu za madhara kwa kila mmoja wetu.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi kwa kitabu nilichokizoea, yaani toleo la tano la Dungeons & Dragons lililotoka 2014. Humo tufe hubaki tufe hata ukilirusha chooni. Meza ile ilikuwa inatumia Advanced Dungeons & Dragons, kitabu cha wachezaji cha 1978, na humo moto hujaza nafasi ya takriban futi za ujazo 33,000, popote utakapoipata. Uwanjani utapata tufe. Kwenye ujia wa futi kumi kwa kumi, moto uleule hukimbia futi 330, nusu mbele na nusu nyuma. Sisi tulikuwa futi 60 tu kutoka ulipolipukia. Orki waliungua, na sisi tukaungua nao.

Mwongozo huu namwandikia mtu anayeanza michezo hii, na zaidi yule aliyezoea meza moja na sasa amealikwa kwenye nyingine. Mbinu za vita nitakupa, lakini mbinu nzuri kwenye meza moja inaweza kuwa kifo kwenye meza ya jirani, na nimeona magomvi mengi yakianzia hapo kuliko kwenye dadu mbaya. Jambo la kwanza ni kujua meza yako inapigana vita vya namna gani.

Kwa ambaye hajawahi kukaa mezani: watu wanne au watano hukusanyika, kila mmoja akiwa na mhusika wake, mpiganaji, mchawi, kasisi, mwizi. Mmoja ni msimulizi, ndiye anayeeleza dunia na kuwachezea maadui. Wewe unasema mhusika wako anafanya nini, na dadu inaamua kama kimewezekana. Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons ya kwanza 1974 huko Marekani, na ilitoka moja kwa moja kwenye michezo ya vita ya vikaragosi; Gygax na Jeff Perren walikuwa wameshatoa kanuni za mapigano ya zama za kati, Chainmail, 1971. Vita vimo kwenye damu ya mchezo huu tangu kuzaliwa, ndiyo maana hata meza zinazopenda mazungumzo kuliko panga bado zina kurasa nyingi za mapigano kwenye vitabu vyao.

Angalia mchezo unalipia nini

Ukipewa kitabu usichokijua, usianze na orodha ya silaha. Fungua ukurasa unaoeleza pointi za uzoefu, zile zinazompandisha mhusika daraja, kisha piga hesabu.

Chukua kanuni za mwanzo za D&D alizohariri Tom Moldvay, za 1981, ambazo watu wengi bado wanazicheza hadi leo. Mpiganaji anahitaji pointi 2,000 kufika daraja la pili. Goblini mmoja akishindwa ana pointi 5, na pointi hizo mnagawana. Msafara wa wapiganaji wanne ungehitaji kuwashinda goblini 1,600 ili wote wapande daraja moja. Hakuna atakayefika. Lakini kanuni hizohizo zinakupa pointi moja kwa kila sarafu ya dhahabu uliyotoka nayo salama. Sanduku moja la hazina lina faida kuliko kijiji kizima cha maadui, na hazina haina mkuki.

Sasa fungua toleo la tano. Daraja la pili ni pointi 300, goblini mmoja ana pointi 50, na dhahabu haikupi pointi hata moja. Msafara wa watu wanne unahitaji goblini 24. Hao mnawamaliza katika mikutano miwili mitatu.

Elfu moja mia sita dhidi ya ishirini na nne! Tofauti hiyo inakueleza karibu kila kitu kuhusu namna ya kucheza. Kitabu cha 1981 kinakwambia pigano ni hasara unayoikubali pale tu usipopata njia nyingine. Cha 2014 kinakwambia pigano ndiyo kazi yenyewe iliyokuleta.

Swali la pili ni bei ya kifo. Kwa Moldvay, mpiganaji mpya hutupa dadu ya pande nane kupata uhai wake, akifika sifuri amekufa, na mshale mmoja unaweza kuondoa pointi sita. Katika toleo la tano mpiganaji huanza na pointi kumi au zaidi. Akifika sifuri huanguka, kisha kila zamu hutupa dadu ya pande 20: kumi na kuendelea ni hatua kuelekea uzima, chini ya hapo ni hatua kuelekea kaburini, na zinahitajika hatua tatu za upande wowote kuamua. Mwenzake akimponya hata kwa pointi moja, huinuka na kupigana tena.

Wachezaji wa siku nyingi wana maneno ya kutofautisha hali hizi mbili: kuna pigano la kimechi na pigano la kivita. Kwenye mechi, timu zimepimwa uzito, uwanja ni sawa, na ufundi unaonekana baada ya filimbi. Vitabu vya toleo la tano vya 2014 humpa msimulizi hesabu ya kupima kama pigano ni jepesi, la kati, gumu au la kuua. Kwenye vita hakuna aliyekupimia. Joka liko pangoni mwake ukiwa daraja la kwanza au la kumi, na ufundi wako wote ni kuhakikisha filimbi haipulizwi kabla hujashinda.

Meza ya kivita

Tuseme mmegundua chumba chenye goblini wanane na mlango mmoja. Mchezaji aliyezoea mechi atauliza, nani atangulie kuingia? Wewe uliza mlango unafungukia upande gani. Ukifungukia kwenu, unaweza kuukomea kwa misumari ya chuma. Uliza ni wa mbao au wa chuma, dari ina tundu la kutolea moshi au haina, na goblini hula saa ngapi. Msimulizi wa meza ya aina hii anayasubiri maswali hayo; ndiyo silaha zako. Katika bei za 1981 upanga ni sarafu 10 na chupa ya mafuta ni sarafu 2. Goblini wa kawaida ana uhai wa pointi tatu au nne, na mafuta yakimpata na kuwashwa humchoma kwa dadu ya pande nane, tena raundi mbili. Mgeni hutumia fedha zake zote kununua deraya. Mwenyeji hununua deraya, halafu hubana matumizi yake mengine ili zibaki sarafu za mafuta, kamba, chaki, misumari na mfuko wa nyama kavu.

Kabla ya mafuta, lakini, kuna ulimi. Kanuni hizi zina dadu ya mapokezi: mkikutana na viumbe, msimulizi anaweza kutupa dadu mbili za pande sita kujua wamewapokeaje. Jumla ya mbili tu ndiyo shambulio la papo hapo, yaani nafasi moja kati ya 36. Mengine yote ni uhasama unaoweza kupoa, mashaka, kusikilizana, hata urafiki. Wageni hawalijui hili kwa sababu huwa wameshachomoa upanga kabla dadu haijatua. Salimu kwanza. Uliza njia. Toa sarafu chache, au jina la adui yao mwingine. Nimewahi kuona msafara ukivuka ghorofa nzima ya magofu kwa kuwapa orki habari za wapi goblini wameficha mvinyo.

Na pigano likianza, muue mmoja haraka, tena wote waone. Adui ana kiwango cha moyo. Goblini ni saba. Wa kwanza wao akifa, msimulizi hutupa dadu mbili, na jumla ikizidi saba wanakimbia. Hiyo ni nafasi 15 kati ya 36. Nusu yao wakianguka, anatupa tena. Kwa hiyo huna haja ya kuua wanane. Unahitaji kumwangusha mmoja, kisha kuacha njia ya kutokea wazi. Ukiziba kila upenyo, waliovunjika moyo hawana pa kwenda, na watapigana mpaka wa mwisho.

Hapa lazima nitaje kobolidi wa Tucker. Roger E. Moore, mhariri wa jarida la Dragon, aliwaeleza kwenye toleo namba 127 la Novemba 1987. Kobolidi ni viumbe dhaifu kabisa, hata pointi nne za uhai ni nyingi kwao. Lakini msimulizi mmoja, Tucker, aliwapa akili: vichochoro vyembamba ambamo mtu mzima hapiti, matundu ya kurushia mishale, milango inayofungwa nyuma ya wageni, na moto. Wahusika wa madaraja ya juu, waliozoea kuua mazimwi makubwa chini kabisa ya magofu, walikuwa wakiogopa ghorofa ya kobolidi kuliko yote. Msimulizi yeyote akitaka kuwafundisha wachezaji wake thamani ya mbinu, asiongeze nguvu za maadui. Awape maadui mlango na kiberiti.

Meza ya kimechi

Tuhamie daraja la kamba, kwenye toleo la tano. Ng'ambo wako goblini sita, kila mmoja ana uhai wa pointi 7. Ninyi ni wanne wa daraja la kwanza: mpiganaji mwenye deraya ya pete na ngao, kasisi, mwizi, mchawi. Msafara wa wanaoanza hufanya hivi: mpiganaji anamjeruhi goblini wa kushoto, mwizi anampiga mshale wa katikati, kasisi anamchapa rungu wa kulia, na kila mmoja anafurahi kwamba kapiga. Raundi imeisha, majeruhi ni watatu, maiti sifuri. Halafu mishale na majambia sita yanawarudia.

Goblini aliyebakiwa na pointi moja ya uhai hupiga kwa nguvu zilezile za aliye mzima. Hilo ndilo jambo la kwanza la kushika katika michezo yote ya zamu. Kila goblini anayekulenga ukiwa na kinga 16, yaani namba ambayo pigo lake lazima liifikie, anakugharimu wastani wa pointi mbili na nusu kwa raundi. Sita ni kama pointi 15, uhai wa mhusika mzima mpya na ziada. Mkielekeza mapigo kwa mmoja mpaka aanguke, halafu kwa anayefuata, mnapunguza zamu za adui, na zamu ndiyo sarafu ya mchezo huu. Utaona kwamba ushauri umefanana na wa meza ya kivita, maliza mmoja haraka, lakini sababu zimeachana. Kule unalenga moyo wao. Huku unalenga idadi ya mapigo yatakayorudi.

Ipo hali moja ambapo kutawanya majeraha kuna faida, nayo inafundisha kusoma kitabu kwa makini. Uchawi wa usingizi wa 2014 hutupa dadu tano za pande nane, wastani wa kama 22, na hulaza maadui kuanzia mwenye uhai mdogo mpaka jumla hiyo iishe. Goblini wazima watalala watatu. Goblini sita waliobakiwa na pointi tatu tatu watalala wote. Mchawi anayelijua hili husubiri raundi ya pili. Lakini vitabu vilivyorekebishwa 2024 vimeubadilisha uchawi huo kabisa, kwa hiyo angalia nakala iliyopo mezani, usiitegemee ile iliyomo kichwani.

Mpiganaji wetu afanye nini? Asimame mwanzo wa daraja na achague kukwepa. Wageni hulidharau tendo la kukwepa kwa sababu halitoi damu. Tazama: akiwa na kinga 18, goblini humpata mara 35 katika mia. Akikwepa, adui hutupa dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo, na nafasi inashuka hadi kama 12. Kwenye daraja jembamba ambalo hakuna njia ya kumzunguka, mtu mmoja anayekwepa ni ukuta, na walio nyuma yake wanapiga mishale wakiwa wametulia. Wakumbuke tu kwamba mwili wa mwenzao aliye mbele ni kizuizi. Adui aliye nyuma ya mtu huongezewa kinga mbili. Sogea hatua moja pembeni upate mwanya.

Usimkimbize goblini. Katika toleo hili ukitoka mkononi mwa adui bila kujiondoa kwa tendo maalumu, unapigwa pigo la bure. Goblini ana wepesi wa kujiondoa au kujificha na bado akabaki na tendo lake, kwa hiyo anakuvuta, anakuacha, anakupiga kutoka kichakani. Ukimfuata umeshaacha daraja.

Mlinde kasisi wenu akiwa ameshikilia baraka. Uchawi mwingi wenye manufaa hudumu kwa umakini wa aliyeutoa, mmoja tu kwa wakati, na kila anapoumia lazima atupe dadu kuudumisha: lengo ni 10, au nusu ya madhara ikiwa ni kubwa zaidi. Baraka huongeza dadu ya pande nne kwa mapigo ya watu watatu. Watu huiona ndogo, lakini kwa pigano la raundi nne ni mapigo kadhaa ambayo yasingepata. Nami huwa nawaambia makasisi wapya wasisimame mstari wa mbele ili wapige rungu moja la pointi nne wakati wameshika kitu cha thamani kuliko hilo.

Kuhusu kuponya, hapa ndipo meza hutofautiana zaidi. Katika toleo la 2014, pointi utakazomrudishia mwenzako kwa kawaida ni chache kuliko atakazopigwa raundi hiyohiyo. Ndiyo maana wachezaji wengi humwacha aanguke, kisha kasisi humwita kutoka umbali wa hadi futi 60 kwa neno la uponyaji, huku tendo lake kubwa likibaki kwa kazi nyingine. Marekebisho ya 2024 yameongeza nguvu za uponyaji, na desturi hiyo imeanza kulegea. Ukiipeleka desturi hiyo kwenye meza ya 1981, utamwacha rafiki yako aanguke na hataamka. Mimi binafsi siipendi hata inaporuhusiwa, kwa sababu inawafanya watu wauone mwili wa mwenzao chini bila kushtuka. Lakini hesabu ni hesabu, na mezani sijawahi kumlaumu kasisi kwa kuifuata.

Meza nyingine utakazokutana nazo

Katika Pathfinder, toleo la pili la 2019, kila mtu ana matendo matatu kwa zamu, na wanaotoka D&D hufanya kosa moja: wanapiga mara tatu. Pigo la pili hupunguzwa tano, la tatu kumi. Pigo la tatu ni kama kutupa jiwe gizani. Tendo hilo lipeleke kuinua ngao, au kumtisha adui, au kusogea ili umweke kati yako na mwenzako, maana aliyebanwa kati hupoteza kinga mbili. Na mbili ni nyingi huko: ukilizidi lengo kwa kumi pigo linakuwa la maradufu, hivyo kila nyongeza ndogo inakusogeza kwenye kupata na kwenye kuua kwa pamoja. Ni mchezo wa timu kuliko yote niliyocheza, na shujaa wa peke yake huko hadumu.

Toleo la nne la D&D, la 2008, liliandika wazi kazi ya kila mhusika: mlinzi, mpigaji, kiongozi, mdhibiti. Wengi walilikataa, wakisema limekuwa mchezo wa miraba. Mimi naliheshimu kwa sababu lilitamka hadharani jambo ambalo meza zote huwa zinalifanya kimyakimya. Hata kama hutalicheza, jiulize mhusika wako ni yupi kati ya hao wanne.

RuneQuest ya 1978, ya Steve Perrin na wenzake kwenye dunia ya Greg Stafford, huweka jeraha kwenye kiungo: mguu, mkono, kichwa. Bingwa wa miaka mingi bado anaweza kuangushwa na mkuki wa mgambo uliompata pajani. Kule watu hukinga kwanza, hupiga baadaye, na hujadiliana sana kabla ya yote.

Dungeon World ya 2012 haina mpangilio wa zamu kabisa. Ukisema tu "nampiga," msimulizi atakuuliza, kwa namna gani? Zimwi lenye mikono mirefu kuliko upanga wako huwezi kulipiga mpaka umelifikia, na kulifikia ni hatari ya pekee yenye dadu yake. Dadu mbili za pande sita: kumi na kuendelea umefanikiwa, saba hadi tisa umefanikiwa kwa gharama, chini yake msimulizi anakujia. Mbinu zote zimo kwenye maelezo yako. Mchanga machoni, meza iliyopinduliwa, kamba ya taa iliyokatwa.

Waliokaa mezani

Glenn Blacow aliandika 1980, kwenye jarida la Different Worlds, kwamba wachezaji wana mielekeo minne: kuna wanaotaka kuishi ndani ya mhusika, wanaotaka hadithi, wanaotaka nguvu, na wanaotaka vita vya akili. Robin Laws naye 2002 aliwagawa wachezaji kwa undani zaidi, akamweka hata yule aliyekuja kukaa na marafiki tu, asiyetaka makuu. Ninapokwenda meza mpya huwa nawasikiliza watu kwa nusu saa nikitafuta nani ni nani, kwa sababu mbinu bora kabisa haifai kitu ikiwa anayepaswa kuitekeleza hakuja kwa ajili hiyo. Mchezaji wa mhusika mwenye kiapo cha kumlinda mdogo wake ataacha mstari amfuate mdogo wake. Usimgombeze. Panga mstari ukijua kwamba ataondoka.

Kuna meza niliyoiacha kwa sababu ya mtu mmoja hodari. Alijua kila kanuni, na kila zamu ya mwenzake alikuwa anaicheza yeye: simama hapa, tumia hiki, hapana, si huyo. Tulishinda kila pigano. Baada ya wiki sita, dada aliyekuwa anamcheza mwizi alikuwa hasemi tena anafanya nini. Alikuwa anamgeukia yule bwana na kusubiri. Ukiwa na ujuzi, utoe kwa sauti ya mhusika, sentensi moja, kama mtu anayepiga kelele katikati ya vita: "Huyu wa mbele, wote!" Kisha nyamaza. Na zamu yako ikikaribia, uwe umeshaamua. Mchezaji wa bao hasubiri kete zimfikie ndipo aanze kuhesabu.

Huhitaji fedha nyingi kuanza. Kanuni za msingi za toleo la tano zilitolewa bure kwa leseni ya Creative Commons Januari 2023, na zinapakuliwa kwenye simu. Kwa miraba chora kwenye karatasi ya manila, kila mraba futi tano. Vizibo vya soda vinatosha kuwa goblini. Andika namba juu yake kwa kalamu ya wino mzito ili mtu aseme "nampiga namba nne" na mabishano yaishe. Kwa meza ya kivita usichore hata miraba, chora ramani ya njia mlizopita, na mmoja wenu awe na kazi hiyo tangu mwanzo. Nitakueleza kwa nini.

Kukimbia

Misafara mingi hufa raundi moja baada ya ile ambayo ingeweza kukimbia. Kila mtu anaona hali imeharibika, kila mtu anasubiri mwingine aseme. Kubalianeni kabla ya kuingia: neno fulani likitamkwa na yeyote, wote wanaondoka, bila mjadala. Na litamkeni wakati wote bado wamesimama. Akianguka mmoja, mwingine atalazimika kumbeba, na mbebaji ni mzito, hapo mnakuwa wawili wa kuchelewa.

Kwa toleo la tano, wa nyuma ajiondoe kwa tendo lake ili asipigwe pigo la bure, na mchawi abakize kitu kimoja cha kuziba njia, ukungu au mafuta sakafuni. Kwa kanuni za 1981 tupeni vitu njiani. Viumbe wasio na akili huenda wakasimama kwa chakula, wenye akili kwa dhahabu, dadu itaamua.

Miezi mitatu baada ya lile tufe la moto nilirudi kwenye meza ileile, na mchawi mpya wa daraja la kwanza mwenye pointi tatu za uhai. Tulikutana na mbwa mwitu watano, sisi tukiwa wanne. Aliyekuwa anashika ramani akasema mlango wa mwisho ulikuwa vyumba viwili nyuma, kushoto, na unafungukia upande wetu. Mtu akatamka neno letu. Nikafungua mfuko, nikamwaga nyama kavu yote sakafuni, tukakimbia. Msimulizi akatupa dadu, akatuangalia, akatupa tena kwa mbwa wa pili. Nyuma yetu tulisikia wanagombania nyama. Mpiganaji akaingia wa mwisho, akavuta mlango, na mwizi alikuwa ameshapiga magoti na nyundo na misumari miwili mkononi.